Kila Gari Lina Kasoro

Tangu walipotoka nyumbani baada ya chai ya asubuhi, Hamdam alikuwa akiomba dua moja, tena dua ya kuona haya: kwamba siku hiyo, katika soko zima la magari la mji wa Andijon, lisipatikane hata gari moja la kuwafaa.

Alikuwa kwenye usukani wa gari lao jeupe, ambalo sasa jeupe lilikuwa kwa jina tu. Milango ililiwa na kutu kwa chini, gia ya tatu ilikuwa ya kubembeleza, na wakipanda hata kilima kidogo injini ilikohoa kama mvuta tumbaku. Kando yake alikaa mkewe, Mukaddas, na kikapu cha mikate magotini. Nyuma alijinyoosha shemeji yake, Botir, fundi wa majokofu, kofia yake nyeusi ya nakshi imemwangukia usoni.

"Tazama mzee yule na punda wake, anataka kuvuka," alisema Mukaddas. "Vuka basi, baba, tunakungoja. Haya, kavuka. Na huyu wa baiskeli, jamani! Madumu ya maziwa kushoto na kulia, kaja huku kwetu kabisa."

Hamdam alivuta usukani kidogo kushoto.

"Dada," Botir alisema chini ya kofia, "umekuwa redio isiyozimwa. Na kiti cha mbele siku hizi hukiachi. Mimi mwanamume mzima natupwa nyuma na magunia."

"Gunia halikoromi," Mukaddas alijibu. "Wewe lala."

Hamdam hakucheka. Porojo hizi za njiani zilikuwa zimeanza kumchosha. Zamani mkewe alikuwa mtu wa kukaa kimya garini, tasbihi mkononi, midomo ikicheza taratibu.

Mwanzoni mwa majira ya baridi Hamdam alikwenda peke yake kwa daktari wa macho. Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yake, na hakuzunguka mbuyu. Ni presha ya macho, alisema, na imekaa muda mrefu. Kilichopotea hakirudi. Matone yatalinda kilichobaki, ukiyatia kila siku. "Na gari, baba, acha. Sisemi mwakani. Leo."

Kilichobaki kilikuwa cha mbele tu. Kitu kikiwa mbele yake Hamdam alikiona vizuri. Gazeti alisoma, sindano alitunga uzi. Lakini pembeni kulikuwa kumekufa, huku na huku, akawa kama mtu anayeutazama ulimwengu kupitia bomba la maji. Watu walitokea ghafla kutoka pasipo na kitu, wakapita, wakatoweka tena. Nyumbani alisema macho yake ni makavu tu. Chupa ya matone aliiweka dirishani waziwazi, na hakuna aliyeuliza.

Si kwamba hakutaka kusema. Kila alfajiri baada ya swala alijiambia kuwa leo atasema. Lakini Hamdam, mgawa maji mstaafu wa mfereji, alijulikana mtaani kwao kwa jambo moja. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtu alikimbia kugonga lango la Hamdam. Bibi harusi wakimtoa kwao, Hamdam ndiye aliyeendesha. Sasa binti yake mwenyewe, Sevara, alikuwa na mimba ya kwanza, imebaki wiki chache, na alikwishasema: "Mimi nitapelekwa na baba. Wengine wote wanaendesha kama wanafukuzwa." Maneno hayo yalimfurahisha na kumtia baridi kwa pamoja. Akisema, atakuwa nani mtaani? Asiposema, je, siku ile barabarani?

Gari bovu lilikuwa limemsitiri. Akienda polepole watu walisema gari limechoka. Akikataa safari, walisema ana haki, litamwacha njiani. Kisha mwanawe aliyeko Korea akatuma fedha na sauti yake kwenye simu: "Baba, safari hii usikatae. Nunua gari la maana kabla mjukuu hajaja." Gari la maana lingemvua shuka.

Soko lilikuwa limejaa. Magari yalipangwa safu kwa safu kwenye vumbi, boneti wazi kama makinda ya ndege yanayodai chakula, na kwenye kila kioo karatasi: mwaka, umbali, gesi au petroli, na neno kubwa kuliko yote, RANGI SAFI. Huku hakuna aulizaye injini kwanza. Wanauliza rangi. Gari lililopulizwa rangi mpya mlango mmoja tu baada ya kukwaruzwa hushuka thamani kama mchumba aliyewahi kuposwa, hata kama injini yake inaimba.

Dalali mmoja, Nabijon, mtu mfupi mwenye kiganja kipana, aliwadaka kabla hawajafika safu ya pili. "Karibu kaka yangu, karibu mama! Mnataka nini, jekundu, jeupe, jeusi? Nina gari hapa la daktari wa meno. Alikuwa akienda nalo kazini na kurudi, basi. Halijui hata njia nyingine."

Hamdam alianza kulikagua. Kwa kuwa aliona kipande kimoja tu kwa wakati, ilimbidi alipitie gari lote kipande kwa kipande, uso karibu na bati, kichwa kikisogea taratibu, vidole vikifuata. Alikaa muda mrefu kwenye bawa la kulia, juu ya gurudumu la mbele. Kisha akasema, "Hapa pamepulizwa."

"Naapa kwa mkate!" mwenye gari alipiga kelele. "Hapajaguswa!"

"Acha kuapa kwa mkate, kaka. Leta mashine."

Ililetwa mashine ndogo ya kupimia unene wa rangi, ikawekwa, ikalia. Watu waliokuwa wakipita walisimama. Gari la pili Hamdam alilikuta na puti ya kuzibia mbonyeo chini ya mlango wa nyuma. La tatu lilikuwa na boneti iliyobadilishwa. Kufikia hapo wanaume kadhaa walikuwa wakimfuata, na mmoja alimwomba aende akalitazame na lake.

"Mzee, unanivunjia soko," Nabijon alilalamika, nusu anacheka. "Nilidhani nimepata mteja, kumbe nimepata polisi."

Botir alivimba kwa fahari. "Huyo ni shemeji yangu! Macho ya mwewe hayo. Mnapotazama gari nyinyi mnaona gari; yeye anaona mpaka mawazo ya fundi."

Hamdam aligeuka haraka, akamgonga mtu aliyekuwa kando yake. Aliomba radhi. Alipokwenda mbele akamgonga mwingine. Jasho lilimtoka ingawa upepo wa masika ulikuwa bado baridi. Kila kasoro aliyoiona ilikuwa ya kweli, hakusema uongo hata mmoja, na bado alijihisi mwongo mkubwa kuliko yule aliyeapa kwa mkate.

Adhuhuri waliswali kwenye banda la mabati nyuma ya wauza sambusa. Kwenye sijda, mahali ambapo macho hayana kazi, Hamdam alitaka kuirudia ile dua yake, lakini haikutoka. Alikaa na paji la uso wake kwenye mkeka mpaka waliokuwa pembeni wakawa wamekwishainuka. Mwishowe akasema tu, "Ya Rabi, unajua." Akatoka, na moyo wake haukutulia hata kidogo.

Na hapo ndipo gari likapatikana.

Lilikuwa la mwalimu wa hesabu aitwaye Kozim, mtu mwembamba aliyesimama kando ya gari lake kama anayeliaga. Rangi ya majivu, viti havijatoboka, mtungi wa gesi umefungwa vizuri kwenye buti. Hamdam alilipitia kipande kwa kipande, akarudia, akainama, akalala kabisa kwenye vumbi akatazama chini. Mashine ya rangi ilizungushwa gari zima, haikulia.

"Sasa?" Nabijon aliuliza, kiganja chake kipana tayari kimenyooka, kwa maana desturi yao ni dalali kuwashika mikono muuzaji na mnunuzi na kuitikisa mpaka wapatane. "Sasa mzee utasema nini?"

"Kiti cha nyuma kinalia kidogo," Hamdam alisema.

Watu wakaangua kicheko. Botir alicheka mpaka akashika tumbo. Mukaddas peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Lijaribuni barabarani," mwalimu Kozim alisema kwa upole. "Ila gesi imekaribia kwisha. Piteni kituo cha hapo mbele, jazeni kidogo, mrudi. Niachieni ufunguo wa gari lenu tu."

"Niendeshe mimi kwanza, shemeji?" Botir aliuliza. "Mimi sina macho ya mwewe, lakini miguu ninayo."

"Gari likiwa letu nitaendesha mimi," Hamdam alisema. "Basi na leo nitaendesha mimi."

Gari lilikuwa jepesi mno. Alikanyaga kidogo, likaruka. Alikanyaga breki, wote watatu wakainama kama wanaorukuu. Hakukuwa na gia ya kubembeleza wala kikohozi, hakukuwa na kisingizio chochote.

"Mbele kuna basi dogo linaingia," Mukaddas alisema, na sauti yake ilikuwa juu kuliko asubuhi. "Linaingia, linaingia, limesimama. Kulia kuna kina mama watatu na mifuko, wamekaribia sana barabara. Wewe mwenye skafu ya kijani, rudi nyuma, mama. Haya. Sasa ni peupe. Peupe mpaka kwenye miti ya mikuyu."

Hamdam alikaza mikono. Alijaribu kusikiliza injini. Yalimjia maneno ya mkewe tu, moja baada ya jingine, na gari likafuata maneno.

Kwenye kituo cha gesi kulikuwa na foleni. Walisogea hatua kwa hatua hadi kwenye lango, na hapo mlinzi mwenye kijibendera chekundu alipiga kioo kwa kidole. "Abiria wote chini! Dereva peke yake!" Ndivyo ilivyo kila kituo. Gesi hujazwa gari likiwa tupu, na abiria hutembea kwa miguu kuvuka uwanja mpaka kwenye kibanda cha upande wa pili, wakangoje huko.

Botir alishuka, akajinyoosha. Mukaddas hakushuka upesi. Alifungua mlango, akaweka mguu mmoja chini, akabaki hivyo.

"Baba Sevara," alisema polepole, "mwache Botir aliingize."

"Kwa nini?"

"Mwache tu."

"Shuka, mama. Watu wanapiga honi."

Akashuka. Mlango ukafungwa.

Hamdam hakuwahi kusikia kimya kama kile. Lango lilikuwa mbele yake, kijibendera kikimwita, na zaidi ya lango na kijibendera hapakuwa na kitu. Hapo ndipo alipoelewa. Miezi yote ile, punda na baiskeli na mama mwenye mfuko, hazikuwa porojo. Alikuwa akiendesha kwa macho ya mtu mwingine, na mwenye macho ameshuka.

Honi zikalia nyuma. Mlinzi akapunga kwa hasira. Hamdam akasema bismillahi, akaachia klachi.

Gari lilikwenda urefu wa ng'ombe wawili hivi. Kiganja kikapiga boneti kwa kishindo, na sauti ya mwanamke ikapasuka: "We! We! Huoni? Kipofu nini wewe?"

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, injini ikazimika. Aligeuza kichwa kulia, akageuza zaidi, na katika bomba lake akaingia mwanamke kijana, uso umempauka kwa hofu, na mkono wake mmoja umemvuta mtoto kwa kola. Kofia nyekundu ya mtoto ilikuwa usawa wa taa ya mbele ya gari. Mtoto alikuwa akila kipande cha mkate. Hakuwa ameacha kutafuna.

"Nakuuliza wewe! Huoni?"

Hamdam alifungua mlango, akatoka, akasimama akiwa ameshika ukingo wa mlango.

"Ndiyo, binti yangu," alisema. "Sioni."

Mwanamke alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, kwa mzee wa kumtolea maneno. Akambeba mtoto, akaondoka haraka bila kugeuka.

Botir alifika akikimbia, Mukaddas nyuma yake akishika skafu. "Shemeji, umeumia? Yule mwanamke alitokea wapi? Watu wengine wanavuka kama kuku!"

"Alitokea pembeni," Hamdam alisema. "Watu wote wanatokea pembeni, Botir. Mimi pembeni sioni. Tangu kabla ya baridi. Daktari alinikataza gari, nikaficha."

Botir alianza kutabasamu, akidhani ni utani, kisha tabasamu likabaki halijui liende wapi.

"Litoeni hilo gari!" mlinzi alipiga kelele. "Mnataka tulipuke wote?"

"Chukua ufunguo," Hamdam alimwambia shemeji yake. Na Botir, kwa mara ya kwanza siku ile, akafanya jambo bila kulisemea neno.

Mume na mke walivuka uwanja kwenda kwenye kibanda. Mukaddas alimshika mkono wa koti. Kibandani walikuwemo abiria wengine, na yule mwanamke mwenye mtoto alikuwa amekaa mwisho kabisa, amewapa mgongo.

"Ulijua," Hamdam alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipompita Sevara sokoni, yuko hivi kando yako, akakuita mara tatu. Nikasema moyoni, huyu hajakasirika, huyu haoni."

"Na ukanyamaza! Ukakaa hapo unanihesabia punda!" Sauti yake ilipanda, watu wakageuka. "Ningeua mtu, Mukaddas! Ungeniacha niue mtu?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake mbele za watu tangu walipooana. Macho ya mkewe yalijaa machozi, lakini hakuyainamisha.

"Na wewe je?" alisema. "Macho ni ya nani, yangu au yako? Kila usiku nilimwomba Mungu akufungue mdomo. Nilitaka useme wewe, usije ukasemewa kama mtoto. Nikaona nikikaa mbele, nikiangalia vizuri, Mungu atatulinda mpaka utakaposema." Alipangusa uso kwa ncha ya skafu. "Nilikosea. Umesikia? Leo nimeona kofia ya yule mtoto kutoka mbali, nimepiga kelele, na sauti yangu haikukufikia. Nilikosea mimi na umekosea wewe."

Hamdam akakaa. Alitaka kumwendea yule mwanamke amwombe radhi, akainuka, akakaa tena, akainuka. Mwishowe alikwenda, akasimama mbele yake ili amwone vizuri, akaweka mkono kifuani. Mwanamke aliitikia kwa kichwa tu, akamvuta mtoto karibu zaidi.

Botir aliendesha kurudi sokoni. Hamdam alikaa nyuma. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu kila walipokaribia njia panda, na hakuweza kuuzuia.

Nabijon aliwaona, akafungua mikono. "Wamerudi! Leteni viganja! Mwalimu, leta mkono. Mzee, leta mkono. Tuseme bei, tuombe dua, kila mtu aende kwake."

Hamdam hakutoa mkono. Wale wanaume wa asubuhi walikuwa bado wapo, wakingoja kusikia safari hii ameona nini.

"Mwalimu, gari lako ni zima," alisema. "Sijaona zima kama hili. Macho yangu ndiyo mabovu. Kuanzia leo siendeshi tena."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa. Yule aliyemwomba akamkagulie gari alitazama viatu vyake. Hamdam alingoja aibu impige, ile aliyoiogopa miezi yote. Ilikuja, ndiyo, uso ukamwaka moto. Lakini alikuwa amesimama, na Nabijon alikuwa tayari amekwishakuna kichwa kibiashara.

"Pole sana, kaka yangu. Pole kabisa. Sasa, gari linahitajika ama halihitajiki? Nani ataendesha?"

"Mimi nitampeleka Sevara hospitali," Botir alisema haraka. "Usiku, mchana, mniite tu. Polepole. Kama konokono, naahidi."

"Utampeleka," Hamdam alisema. "Na baada ya hapo? Wewe una kazi zako." Aligeuza kichwa mpaka akampata mkewe. "Mama Sevara. Keti mbele. Upande wa usukani."

"Mimi?" Mukaddas alirudi nyuma hatua moja. "Nina mjukuu njiani, mimi. Watu watasemaje?"

"Watasema. Keti uone."

"Shule ya udereva itanicheka."

"Mimi walinipokea, dada," Botir alisema. "Baada ya mimi hawawezi kumcheka mtu."

Mukaddas aliwatazama wanaume wote waliokuwa pale, mmoja mmoja. Kisha akamkabidhi Botir kikapu cha mikate, akakusanya gauni lake, akaingia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Akashika usukani kwa vidole, akaachia, akaushika tena. Alinyoosha mguu.

"Haufiki," alisema. "Mguu haufiki. Naona dirisha tu na mbingu."

"Kiti kinasogea, mama," mwalimu Kozim alisema.

Hamdam alipiga magoti kwenye vumbi kando ya mlango, akapapasa chini ya kiti. Hakuhitaji kuona. Chuma cha kusogezea kilikuwa pale pale kinapokuwa katika kila gari. Akakivuta, akasukuma kwa bega, na kiti kikaenda mbele kwa kishindo, na mkewe juu yake akitoa ukelele mdogo.

"Sasa?"

"Sasa unafika. Ya Rabi. Unafika."

"Mwalimu," Hamdam alisema, bado yuko magotini, "mkono usiharakishe. Tutazungumza bei akishakaa vizuri."

Aliinuka, akalizunguka gari kwa kufuata bati kwa kiganja, boneti, taa, bawa la pili. Kitasa cha mlango wa abiria alikitafuta kidogo, kwa sababu hakuwa na mazoea nacho. Alipoketi kiti hakikumkaa, na mikono yake haikujua pa kutua, ikaenda magotini, ikaenda kwenye dashibodi, ikarudi magotini.

"Kanyagio la katikati ni breki," alimwambia mkewe. "Anza na hilo. Kanyaga uone lilivyo."

Mukaddas alikanyaga, akiwa ameuma mdomo.

"Tena," alisema Hamdam. "Kwa nguvu."